Chuo cha Bibi na Kura Yake

Chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Ibra kina mlango wake wenyewe unaofungukia njiani. Bibi ndiye aliyemwambia fundi auweke, zamani, baba bado kijana, ili wanawake na watoto waingie chuoni bila ya kupita walipo wanaume. Chuo, kwa watu wetu waliotoka Unguja, ni pahala pa kusomea Kurani. Bibi alisomeshwa na mama yake Unguja mjini, akaja Oman mwanamwali, na tokea hapo hajapata kukaa bila ya wanafunzi. Asubuhi wakija wanawake watu wazima, wengine hawajui kusoma hata jina lao. Alasiri wakija watoto. Akisoma kwa Kiarabu, akieleza kwa Kiswahili, na kugomba akigomba kwa Kiswahili tu.

Mama yangu alifariki mimi mdogo, na Bibi ndiye aliyetulea mimi na kaka. Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa siwezi kusema mbele za watu. Mwalimu akinisimamisha, koo linafunga. Kwa Bibi halikufunga. Nilipokuwa mkubwa alinipa watoto wadogo niwasomeshe alifu, nami nilikuwa nawasomesha kwa sauti mpaka njiani inasikika. Kwa hiyo chuo kilipofungwa hakikufungiwa Bibi peke yake.

Kilifungwa kwa adabu. Alikuja bwana mmoja kutoka idara ya mambo ya dini, kijana, ana haya karibu kama mimi. Alikaa ukingoni mwa kiti akamwambia Bibi kwamba siku hizi kusomesha dini nyumbani kunataka ruhusa, na ruhusa inataka mwalimu mwenye shahada.

"Shahada yangu hawa," Bibi alisema, akamwonesha watoto.

"Najua, mama. Lakini kuna nchi kila mtu aliachiwa asomeshe anavyotaka, na tumeona yaliyowafika."

Bibi hakugomba. Alimpa halwa, akamwombea kwa Mungu, na alipotoka akaniambia niwaambie watoto kesho wasije.

Baba aliporudi msikitini alisema bwana yule ana haki. Baba alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na kwake yeye jambo likishikwa na wakubwa linakuwa salama. Akasema mtu yeyote akiachiwa kusomesha dini, kesho atatokea wa kusomesha uwongo.

"Na mimi nimesomesha uwongo?" Bibi akamuuliza.

"Sikusema hivo, mama."

"Basi umesema nini?"

Baba akanywa maji.

Bibi hakuumwa, lakini alianza kupungua. Alasiri ikifika alikuwa akivaa nguo zake za chuoni, anakaa na mlango umefungwa, anasikiliza watoto wanavyopita njiani na baiskeli zao. Siku moja aliniambia hataki jengine tena duniani ila afe akiwa mwalimu. Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayekuagiza chumvi dukani.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka ulipokaribia uchaguzi wa baraza.

Katika waliogombea wilaya yetu kulikuwa na mtu wa kabila letu, jamaa wa baba kwa mbali. Alisoma ng'ambo, akarudi, akafungua kambi za watalii mchangani, nje ya Al Mintirib. Kaka yangu alikuwa akimfanyia kazi ya dereva, akiwapandisha wageni kwenye vilima vya mchanga. Mgombea huyu neno lake lilikuwa moja tu, na kila pahala alilisema hilohilo: watu waachiwe. Anayetaka kufungua duka afungue. Anayetaka kuajiri aajiri. Anayetaka kusomesha nyumbani kwake asomeshe. Hili la mwisho kaka alikuja nalo nyumbani Alhamisi moja kama mtu aliyeleta samaki mkubwa kutoka Sur.

"Bibi, mtu wako kapatikana. Kasema mbele za watu: mtu anasomesha Kurani ukumbini kwake, idara inaingia kufanya nini?"

"Kasema hivo?"

"Wallahi, nilikuwapo."

"Mwambie na lile jengine," baba akasema.

Lile jengine tulikuwa tumelisikia sote, maana video yake ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za Ibra nzima. Mtu alimuuliza mgombea juu ya ulevi kambini. Akajibu kwamba yeye hajapata kuonja na hataonja, lakini anachokunywa mgeni ndani ya hema lake ni baina yake na Mola wake, na serikali si mama wa mtu. Msikitini kwetu watu waliisikiliza ile video wakasema basi, huyu hatumpi.

Kaka alisema, "Hamuoni? Mkono unaozuia ulevi kambini ndio ule ule uliofunga chuo cha Bibi. Nyinyi mnataka ufunge kule tu, huku usifunge. Mkono hauchagui."

"Dini inataka mlinzi," baba akasema.

Bibi alikuwa akimenya kitunguu thomu. Akasema, bila ya kuinua kichwa, "Mimi dini nimeikuta Unguja mama yangu anaisomesha, na serikali ilikuwa ya Mngereza. Mlinzi alikuwa nani?"

"Zama hizo zilikuwa nyengine, mama."

"Naam. Kila kitu kilikuwa chengine, hata wewe ulikuwa hujazaliwa."

Kaka akacheka. Baba akamgeukia. "Wewe usicheke. Mkono huo unaousema wewe ndio unaokuzuia."

"Unanizuia na nini?"

Baba hakumjibu, kwa kuwa Bibi alikuwapo. Lakini jawabu tulikuwa nalo sote. Kaka alikuwa akija nyumbani anatafuna karafuu kama mtu mwenye jino bovu, na meno yake yote mazima. Wageni huja na chupa zao, hubakisha, na wafanyakazi ndio wanaosafisha mahema.

Bibi akamwangalia. "Na wewe, mjukuu wangu, ukiachiwa utakwenda wapi?"

"N'takwenda kazini, Bibi. N'kwende wapi tena?"

Siku zile Bibi alikuwa anakuja kukaa na mimi jikoni, na mara mbili tatu alianza kusema kisha akaacha. Mwisho akalitoa. Alisema yeye akimkataa mtu yule, anakikataa chuo kwa ulimi wake mwenyewe. Akimkubali, anakubali na yale ya mahemani, maana huwezi kumwambia mtu niachie mimi, mwenzangu mshike. Nilimwambia labda Mungu atahesabu nia. Akasema nia yake anaijua Mungu, ila kaka hatakunywa nia yake, atakunywa kilichomo ndani ya chupa.

Mgombea alikuja kwetu baada ya sala ya alasiri pamoja na wenziwe wawili. Baba aliwakaribisha majlisi, chumba cha wageni wanaume.

Hapa lazima nieleze ada ya watu wa huku. Mtu akija nyumbani kwako na haja kubwa, hupewa kahawa kama mgeni yeyote, lakini yeye hainywi. Hukiweka kikombe chini mbele yake, na kila aliyepo akajua huyu ana ombi. Mwenye nyumba akilikubali humwambia anywe, na akinywa basi nyumba imetoa ahadi, waliopo ni mashahidi. Asipolikubali, kikombe hukaa palepale kinapoa, mgeni akaaga. Haya ni mambo ya wanaume na majlisi zao. Bibi umri wake wote amekaa upande wa wanawake, na huko, kama ilivyokuwa Unguja, kahawa ikipoa mbele ya mgeni ni aibu ya nyumba. Mimi pia nilikuwa sijui ada hii. Baba alikuja kutueleza baadaye.

Kwa kawaida Bibi asingeingia. Lakini mama yake mgombea, Mungu amrehemu, alisoma chuoni kwetu, na Bibi alitaka kumwona mtoto wake. Akajifunga ushungi akaingia, mimi nyuma yake na sinia ya halwa. Wanaume wakasimama.

"Shikamoo, Bibi," mgombea akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, kizuri.

"Marahaba. Mama yako alikuwa hawezi kuitamka herufi ya dhadi."

"Mpaka amekufa hakuiweza, Bibi."

"Nilimpiga kwa dhadi ile, masikini."

"Na yeye akatupiga sisi."

Wote wakacheka, hata baba. Halafu Bibi akakiona kikombe sakafuni.

"Kwani hujanywa? Chungu?"

Mgombea alimtazama baba. Baba alikuwa amemwambia muda mfupi kabla kwamba jambo lake amelisikia na atalifikiri, na huo kwa mtu mwenye adabu ni mwanzo wa kukataa. Bibi akainama, na kuinama kwake si kazi ndogo, akakiokota kikombe, akamwaga kilichopoa ndani ya bakuli la kuoshea vikombe, akashika dele, akamimina kahawa mpya, akamtia mgombea mkononi.

"Mama," baba akasema.

"Kunywa, mwanangu. Umetoka mbali."

Akanywa. Mwenzake mmoja alikuwa ameshatoa simu, akapiga picha: Bibi ameinama, mkono wake uko juu ya mkono wa mgombea. Yule wa pili akasema kwa Kiarabu, Mungu aung'arishe uso wa nyumba hii.

Walipoondoka baba alikuwa akikitazama kile kikombe, Bibi akamuuliza ana nini.

"Umempa nyumba, mama."

"Nimempa kahawa."

"Ndiyo hiyo hiyo." Akatueleza.

Bibi akakaa juu ya mto. Baba alisema kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kumwambia kwamba mama yake mtu mzima, hakujua. Bibi akamkataza. Alisema mtu amekwishakunywa mbele za watu, na yeye hakulazimishwa na mtu kuokota kile kikombe, basi hatamtuma mwanawe akaseme mama yangu mjinga. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia kitu ambacho hakumwambia baba. Alisema alipokwishaelewa, moyo wake ulitulia kidogo. Aliona kama amekatiwa shauri, hana haja ya kufikiri tena.

Picha ilifika kila simu. Wanawake waliokuwa wakisoma chuoni waliacha kuja kumjulia hali Bibi. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa na shughuli tu, wote, kwa pamoja.

Haukupita muda mrefu kaka akaanguka na gari. Ilikuwa asubuhi, alikuwa anairejesha gari peke yake baada ya wageni kuondoka. Ilipinduka ubavuni mwa kilima na kumlalia mguu, na alikaa chini yake mpaka walipopita watu wa ngamia. Hospitalini walimkata chini ya goti. Daktari alimwita baba nje ya chumba akamwambia mwanawe alikuwa amelewa. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa kumsitiri, lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba.

Mgombea alikuja siku hiyo hiyo. Alileta makomamanga ya Jabali la Kijani, akasema matibabu yote juu yake, na mguu wa bandia pia. Macho yake yalikuwa mekundu. Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Kaka alikuwa amelala kwa dawa, na sisi tumekaa pembezoni mwa kitanda.

Baba akasema, "Kanywa kambini kwako."

"Ami, mimi sikumpa."

"Hukumkataza."

"Sikumkataza. Mtu mzima."

Bibi alikuwa na mkono wake juu ya paji la uso la kaka. "Angekuwa mwanao?"

Mgombea alifikiri. Hilo nalikumbuka, hakuharakisha kujibu. "Ningelimwambia, Bibi. Ningelimwambia kila siku. Nisingelimfunga."

"Mimi ningelimfunga," Bibi akasema. Halafu akasema kama anayesema peke yake, "Lakini na mimi wamenifunga, na nikasema hii dhulma."

Muuguzi wa Kihindi akaja kubadilisha dripu, tukampisha.

Kura siku hizi hupigwa kwa simu. Unaweka kitambulisho chako nyuma ya simu, simu inakusoma, inataka uso wako, kisha zinatokea picha za wagombea. Bibi simu yake huifungua kusikiliza Kurani tu, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kumshikia. Tulikaa ukumbini. Baba alikuwa ameshapiga yake. Hakusema kampa nani na hakuna aliyemuuliza. Yeye ndiye mwenye majlisi ilimotolewa ile ahadi.

Uso wa Bibi simu iliukataa mara ya kwanza kwa sababu ya miwani. Akavua. Ikakubali.

"Mama," baba akasema, "hakuna mtu atakayeona umebonyeza wapi. Hata yeye hataona. Mtoto kalala kule hana mguu."

"Najua haoni mtu."

"Basi."

"Ndiyo maana," Bibi akasema. "Mungu anaona."

Akavaa miwani, akaitafuta picha ya yule mtu kwa kidole, akapita, akarudi. Kidole chake kikakaa juu ya kioo bila ya kugusa. Akabonyeza.

Baba akatoka kwenda msikitini kabla ya adhana.

Nilimuuliza Bibi kama kura ameitoa kwa ajili ya ile ahadi au kwa ajili ya chuo. Akasema, "Ningelijua ningelikwambia."

Mtu yule alishinda. Kuhusu sheria za kambi hakuweza kubadilisha kitu, au mpaka leo hajaweza. Lakini kwa ajili ya Bibi alikwenda mwenyewe kusema na watu wa idara, zaidi ya mara moja, na mwisho wakakubali Bibi afanyiwe mtihani wa kusoma badala ya kuonesha shahada. Mimi na baba tulimpeleka Nizwa. Masheikh wawili wakamsikiliza. Mmoja alifunga macho tokea mwanzo mpaka mwisho, na Bibi alipomaliza akamuuliza nani kamsomesha. "Mama yangu," akasema. Ruhusa ikatoka.

Siku ya kufungua nilipiga deki tokea asubuhi. Nilitandika mabusati, nikapanga marufaa ya kuwekea misahafu, nikawasha AC mapema ili watoto wakute chumba kimepoa. Bibi alivaa nguo mpya. Mlango tuliuacha wazi mpaka adhana ya magharibi, na watoto walipita na baiskeli. Mmoja alitazama ndani, akanijua, akacheka, kisha akaitwa na dada yake.

Tulisema labda hawajapata habari. Siku zilizofuata tulijua wamepata. Jirani yetu, mama mmoja ambaye wazee wake walikuja kutoka Burundi, na binti yake alikuwa katika watoto wangu wa alifu, ndiye aliyekuja kusema. Alipita kwa nyuma, jikoni, na sahani ya ndizi za nazi.

"Bibi, mimi sina neno na wewe, unajua."

"Najua."

"Ni baba yake. Anasema nyumba ile ndiyo iliyompa kura mtu wa ulevi, na kijana wao mwenyewe ulevi umemkata mguu. Sasa mtoto anakwenda kujifunza nini?"

"Kurani," Bibi akasema.

"Najua, Bibi." Akatazama sahani yake. "Mimi nalijua hilo."

"Mwambie baba yake nampa salamu."

Mama yule akalia kidogo, akafuta macho kwa mtandio, akaondoka bila ya kuichukua sahani. Kaka alikuwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, na mlango ulikuwa wazi, alisikia kila kitu. Siku hizo alikuwa hasemi sana. Akasema, "Ndiyo wameachiwa, Bibi. Hakuna aliyewakataza kuja, wala hakuna wa kuwalazimisha."

Nilidhani Bibi atamgombeza. Alimwambia, "Kweli mjukuu wangu," akaenda akamfunika goti lake na khanga, maana lilikuwa linamwuma likipigwa na baridi ya AC.

Baba hajapata kusema nilikwambieni. Nilikuwa nikimngoja aseme. Siku moja tu aliingia chuoni, akakaa kwenye busati mbele ya Bibi kama mwanafunzi, akafungua msahafu akasoma ukurasa mmoja. Bibi alimsahihisha pahala pawili. Akafunga msahafu akambusu mkono, akatoka. Hakurudi tena, na Bibi hakumwomba arudi.

Watu wa umri wangu wananiuliza kama nyumba ya dini kama yetu ilifanya sawa kumuunga mkono mtu kama yule. Mimi koo langu hufunga, kwa hiyo najaribu kuwajibu hapa kwa maandishi. Baba anasema hapana, na mguu wa kaka ni hoja yake. Kaka anasema ndiyo, na mguu ni wake. Bibi ndiye peke yake aliyetaka kitu kimoja tu, akakipata, na ruhusa tumeitia fremu ukutani.

Wiki zilizofuata tuliendelea kufungua kila alasiri. Tulikaa, yeye pahala pake na mimi pangu. Mara nyengine alinisikiliza mimi. Mara nyengine tulikaa tu. Kisha siku moja, joto la kiangazi limeshaanza, akainua kichwa akaisikiliza mashine ukutani inavyovuma.

"Zima AC," akasema. "Tunampozea nani?"

Nikazima. Nikamuuliza kama kesho nifunge mlango.

"Mlango fungua kama kawaida. AC usiwashe mpaka aje mtu."

Jua la alasiri linakipiga chumba kile moja kwa moja. Ikifika magharibi nguo za Bibi huwa zimemganda mgongoni, nami humletea maji, hunywa, hutazama njiani.